Bando la mwezi linakata siku ya kumi na mbili: je, jirani yumo kwenye Wi-Fi yangu?

"Mtaalamu, habari za kazi. Naishi Tabata, Dar es Salaam, nyumba ya kupanga, wapangaji wanne, ua mmoja. Nina ruta ya laini, ya 4G. Bando la GB 100 lilikuwa linanifikisha mwezi mzima, lakini tangu Januari linakata siku ya kumi na mbili. Fundi aliyenifungia aliweka nywila ambayo ni namba yangu ya simu ya biashara ili nisisahau. Kila jioni kijana wa chumba cha mbele anakaa kwenye ngazi zangu na simu mpaka saa tano usiku. Nilimweleza fundi, akaficha jina la Wi-Fi, haikusaidia. Sasa ananiambia tuandikishe simu zangu tu ndizo ziruhusiwe, au ninunue ruta mpya. Kinachonitia hofu zaidi ni pesa. Nauza vitenge, malipo yote yanaingia kwenye simu, na benki yangu iko humo humo. Aliyeingia kwenye Wi-Fi anaweza kuona miamala yangu? Nyumbani tuna simu nne, kompyuta ya mwanangu aliye chuo, TV janja tuliyonunua sikukuu za mwisho wa mwaka, na kamera moja ndogo inayoangalia mlangoni. Nianzie wapi?"

Dada yangu, pole kwa usumbufu. Nitaanza na pesa, maana naona ndizo zinazokukosesha usingizi, halafu tulirudie bando.

Unapobonyeza ile menyu ya nyota na reli ili kutuma au kupokea pesa, ombi hilo halipiti kwenye Wi-Fi hata kidogo. Linatoka kwenye laini iliyo ndani ya simu yako na kwenda kwenye mnara wa kampuni ya simu. Ndiyo maana menyu ile inafanya kazi hata kama huna bando wala hujawasha data. Kijana wa kwenye ngazi, hata kama ameingia kwenye ruta yako, hana njia ya kulisikia ombi hilo. Programu ya benki ni tofauti kidogo kwa sababu yenyewe inapita kwenye Wi-Fi. Lakini kabla taarifa haijatoka kwenye simu inakuwa imeshasimbwa, na wanaoweza kuifungua ni simu yako na benki tu. Ruta inabeba bahasha iliyogundishwa. Aliyemo kwenye mtandao wako anaweza kujua kwamba nyumbani kuna simu iliyowasiliana na benki fulani saa mbili usiku. Hawezi kujua salio lako, wala namba yako ya siri, wala umemtumia nani.

Hatari ya pesa ipo, ila iko kwenye mlango mwingine ambao hukuutaja, na nina wasiwasi fundi wako naye hakuutaja. Ruta ina funguo mbili. Wa kwanza ni nywila ya Wi-Fi, ile unayoingiza kwenye simu ili upate intaneti. Wa pili ni nywila ya msimamizi, inayofungua ukurasa wa mipangilio ya ruta yenyewe. Watu wengi wanaujua wa kwanza tu. Wa pili unabaki kama ulivyotoka kiwandani, mara nyingi jina "admin" na nywila "admin", au maneno yaliyochapwa kwenye kibandiko chini ya ruta.

Mwenye ufunguo wa kwanza anakula bando lako. Mwenye wa pili anaweza kugusa mpangilio uitwao DNS, na huo ndio wa kuogopa. DNS ni kama kitabu cha anuani: ukiandika jina la tovuti ya benki, simu inauliza humo tovuti hiyo inakaa wapi. Kitabu kikichezewa, unapelekwa kwenye ukurasa wa kughushi unaofanana na wa benki kwa kila kitu. Kinachokuokoa hapo ni lile onyo la kivinjari kwamba muunganisho si salama. Ukiliona kwenye tovuti yoyote ya pesa, funga ukurasa palepale. Usibofye "endelea" hata kama una haraka ya kumlipa mtu wa mzigo.

Sasa bando. GB 100 kwa siku 30 ni kama GB 3.3 kwa siku. Likikata siku ya 12, zinaondoka zaidi ya GB 8 kila siku. Kwa hiyo tunatafuta GB 5 za kila siku ambazo zimeongezeka tangu Januari. Na katika swali lako kuna mtuhumiwa ambaye umemtaja mwishoni kabisa, kama mpita njia: TV janja mliyonunua sikukuu. Katuni au tamthilia ya kiwango cha HD inaweza kula mpaka GB 3 kwa saa moja. Saa mbili za jioni zinatosha kuzimaliza hizo GB 5 bila mwizi hata mmoja, na TV hujichagulia yenyewe picha ya ubora wa juu kadiri mtandao unavyoruhusu. Sisemi kijana hahusiki. Nasema tupime kwanza.

Nilishaitwa kwenye nyumba moja Kinondoni ambako mama mwenye nyumba alikuwa amekosana na wapangaji wawili kwa jambo hili hili. Tulikaa sebuleni na orodha ya vifaa, tukawa tunazima kimoja kimoja. Kilichobaki kikivuta data kilikuwa simu ya binti yake wa kuzaa: ilikuwa inapandisha video za harusi ya dada yake kwenye hifadhi ya mtandaoni, ikikatika inaanza tena, usiku kucha, wiki kadhaa. Mmoja wa wale wapangaji alikuwa ameshahama. Tangu siku hiyo sikubali kumtaja mtu kabla sijaona namba.

Pima hivi. Usiku, watu wakienda kulala, chomoa TV kwenye soketi kabisa. Usiizime kwa rimoti, maana ikizimwa kwa rimoti bado inaweza kujisasisha. Zima kompyuta na uchomoe kamera. Kwenye simu tatu zima Wi-Fi, ubaki na yako moja. Fungua kivinjari, andika anuani iliyo kwenye kibandiko cha chini ya ruta. Ruta nyingi za 4G hutumia 192.168.8.1, 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Ingia, tafuta ukurasa wa takwimu, uandike kwenye karatasi jumla ya data iliyotumika. Zima Wi-Fi kwenye simu yako pia, ulale. Alfajiri, kabla hujachomeka chochote, iwashe tena uangalie namba ile. Ikiwa imesogea kwa MB chache tu, hakuna mgeni usiku huo. Ikiwa imeruka GB mbili tatu, kuna mtu. Rudia usiku mwingine, lakini safari hii anza jioni, saa zile ambazo kijana huwa kwenye ngazi.

Ukiwa kwenye ukurasa huo huo, tafuta orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Kwa hesabu yako vyako ni saba: simu nne, kompyuta, TV na kamera. Usitishike na majina yake. Utakuta mengine yanasomeka, kama TECNO-SPARK au DESKTOP na tarakimu zake, na mengine ni herufi tupu zisizo na maana. Zamani tungetambua simu kwa anuani yake ya kiwandani, ile namba ya kipekee inayoitambulisha kwenye mtandao, lakini tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu hujitungia anuani ya bandia kwa kila mtandao inaoingia, ili isifuatiliwe. Njia ya uhakika ni ileile ya Kinondoni: zima Wi-Fi kwenye kifaa kimoja, subiri dakika chache, onyesha upya orodha, uone nani ametoweka. Andika jina pembeni ya mwenyewe. Atakayebaki bila mwenyewe ndiye mgeni.

Tuseme umempata mgeni. Aliingiaje? Kwa upande wako jibu liko wazi, na linaniuma kwa sababu fundi ndiye aliyelisababisha: nywila yako ni namba ya simu ya biashara. Namba hiyo iko kwenye bango la duka, iko kwenye mifuko unayowafungia wateja vitenge, iko kwenye hali yako ya WhatsApp. Hakuna udukuzi unaohitajika hapo. Mtu anaijaribu mara moja, inafunguka.

Hata asiyekufahamu angeipata. Simu yako ikiunganishwa na ruta, kuna salamu fupi zinazopita hewani kati yao kuthibitisha kwamba wote wawili wanaijua nywila. Nywila yenyewe haitajwi, lakini mtu aliye karibu anaweza kuzirekodi salamu hizo, akaenda nazo kwake, na kubahatisha huko huko kwa kompyuta bila ruta yako kujua lolote. Kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro, zile za wacheza gemu, hujaribu nywila laki kadhaa kwa sekunde moja. Namba za simu za Tanzania zinazoanza na 06 au 07 haziwezi kuzidi milioni 200. Zote zinajaribiwa chini ya nusu saa.

Ndiyo maana nasisitiza urefu kuliko vimbwanga vya alama. Chukua kamusi, ifungue mara nne bila kuchagua ukurasa, weka kidole, andika neno lililo chini ya kidole. Utapata kitu kama "kinu ngalawa dhamana mwewe". Huo usiutumie, umeshachapwa hapa. Kamusi yenye maneno 10,000 tu inatoa michanganyiko mingi mno ya maneno manne hivi kwamba hata kwa majaribio milioni moja kwa sekunde ingechukua zaidi ya miaka 300 kuimaliza yote. Watoto wataikariri kwa siku moja. Lakini usiweke methali, wala maneno ya kanga, wala mstari wa wimbo wa dini. Maneno yanayofahamika na watu wengi hukusanywa kwenye orodha za kubahatishia, na sharti la hesabu yangu ni kwamba maneno yameokotwa, hayakuchaguliwa na moyo.

Kuna uvujaji wa pili ambao naukuta kwenye nyumba nyingi zaidi kuliko udukuzi wowote. Ukimpa shemeji nywila Jumapili akija kusalimia, hujampa yeye, umeipa simu yake, na simu haisahau. Simu za sasa zina kile kimraba cha QR cha kugawana Wi-Fi. Ndani ya kimraba hicho nywila imeandikwa wazi, na simu iliyokisoma inaweza nayo kutoa kimraba chake. Vilevile hizo programu ambazo vijana huziita za kufungua Wi-Fi: baadhi hazidukui chochote, zinakusanya nywila kutoka kwenye simu za wanaozipakua na kuwagawia wengine walio jirani. Inatosha mgeni mmoja, au mmoja wa wanao, awe nayo kwenye simu, nywila yako ikaingia kwenye daftari la watu usiowajua. Waulize watoto bila ukali. Ukimkuta anayo, ifute, na simu hiyo ikaguliwe, kwa sababu programu za namna hiyo si mara moja zimekutwa na mambo mengine ndani yake.

Niseme sasa kuhusu ushauri uliopewa. Kuficha jina hakukusaidia kwa sababu hakumfichi mtu yeyote anayetafuta. Ruta inaacha tu kujitangaza, lakini kila kifaa chako kikitaka kuungana kinaita jina hilo hewani, na programu za bure zinalisikia. Ubaya wake ni kwamba simu yako ikiwa Kariakoo inaendelea kuita jina la nyumbani kwako, "upo? upo?", kwa sababu haijui kama ruta iko karibu au la. Na kijana ambaye simu yake ilishaunganishwa zamani haathiriki kabisa. Rudisha jina lionekane. Ila libadilishe lisiwe jina lako wala la duka.

Kuandikisha simu zako tu ziruhusiwe kunasikika vizuri, na ningekupa moyo kama kungefanya kazi. Anuani zinazoandikishwa hupita hewani bila kusimbwa. Mtu mwenye ujuzi kidogo anaiona ya simu yako na kuiiga. Kwa asiye na ujuzi ni kizuizi, ndiyo, lakini wewe ndiwe utakayeumia zaidi: kila mara simu ikibadilisha ile anuani yake ya bandia utafungiwa nje ya nyumba yako mwenyewe, na utamwita fundi umlipe.

Ruta mpya huihitaji, ila kwa sharti moja. Kwenye ukurasa wa Wi-Fi kuna sehemu ya usalama, inayoonyesha aina ya ulinzi unaoifunga Wi-Fi yako. Ukikuta inatoa WEP peke yake, hiyo ilivunjwa tangu 2001, nunua nyingine kesho. Ukikuta WPA2 yenye AES, inatosha kabisa ukiwa na nywila ndefu. Ukikuta WPA3, iliyotoka 2018, ni bora zaidi, kwa sababu imeziba hasa ule mwanya wa kurekodi salamu na kwenda kubahatisha pembeni. Kama baadhi ya vifaa vyako ni vya zamani, chagua ile inayochanganya WPA2 na WPA3.

Kitu kingine kwenye ukurasa huo ni WPS, ambacho kwenye ruta nyingine kina kitufe kabisa. Kiliwekwa kwa nia njema, kuunganisha kifaa bila kuandika nywila, kwa kutumia PIN ya tarakimu nane. Tarakimu nane ni michanganyiko milioni 100, si haba. Lakini mwezi Desemba 2011 mtafiti Stefan Viehböck alionyesha kwamba ruta inaikagua PIN hiyo vipande viwili: inakuambia kwanza kama nne za mwanzo ni sahihi, halafu zinazofuata. Na tarakimu ya nane haibahatishwi, inakokotolewa kutokana na saba za mbele. Milioni 100 zikageuka kuwa 10,000 jumlisha 1,000. Majaribio 11,000 tu, kazi ya saa chache, hata kama nywila yako ina urefu wa ukurasa mzima. Baadhi ya ruta za baadaye hujifunga baada ya majaribio kadhaa, lakini sioni sababu ya kutegemea hilo. Izime WPS.

Kazi yenyewe ni ya jioni moja, na kinachoharibu watu ni mpangilio wake. Wengi hubadilisha nywila ya Wi-Fi kwanza. Kama mgeni anaijua ya msimamizi na kuna njia nyingine iliyobaki wazi, kama WPS au usimamizi wa kutoka nje, anaweza kuingia kwenye ukurasa uleule na kuisoma mpya. Kwa hiyo anza na ufunguo wa pili. Ingia kwenye mipangilio, badilisha nywila ya msimamizi iwe tofauti kabisa na ya Wi-Fi, iandike kwenye daftari linalokaa chumbani kwako. Humo humo angalia kama kuna sehemu ya kusimamia ruta kutoka nje, kwa njia ya intaneti, uizime. Angalia sehemu ya DNS: kama haijawekwa kujipangia yenyewe na kuna namba ambazo wewe hukuziweka, mwulize fundi kama ni zake, la sivyo irudishe ijipangie yenyewe. Kisha sasisha programu ya ruta kama kuna toleo jipya, na usizime umeme inapojisasisha. Ndipo uzime WPS na uweke nywila mpya ya Wi-Fi.

Ukihifadhi, vyote vitakatika kwa mpigo, cha kwako na cha mgeni. Hicho ndicho kipindi ninachokipenda katika kazi hii, kwa sababu kwa mara ya kwanza wewe ndiye unayeamua nani aingie. Usirudishe kila kitu haraka haraka. Anza na simu yako na kompyuta ya mwanao, kwa kuandika nywila kwa mkono wako. Halafu tafuta kama ruta yako ina mtandao wa wageni, yaani Wi-Fi ya pili yenye jina na nywila yake. TV na kamera viweke huko. Shemeji wa Jumapili naye huko. Kwenye ruta nyingi, aliye kwenye mtandao wa wageni anapata intaneti lakini haoni vifaa vya ndani, na ukitaka kumbadilishia nywila kila mwezi, simu zako hazisumbuliwi. Ruta ndogo za 4G si zote zilizo nayo. Kama yako haina, usihangaike, ila nywila isitoke nje ya watu wa nyumbani. Na kwenye TV, ingia kwenye programu za video uteremshe ubora kutoka HD. Kwa katuni hakuna atakayelalamika.

Kamera inanihitaji niwe mkali kidogo. Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kiliteka kamera na ruta nyingi duniani kwa mbinu ya kitoto: kilikuwa na orodha ya jozi 62 za majina na nywila za kiwandani, kikawa kinajaribu moja baada ya nyingine. Wenye kamera hawakujua, zilikuwa zinafanya kazi kama kawaida. Kamera yako inaangalia mlango, inajua unatoka saa ngapi na unarudi saa ngapi. Fungua programu yake leo, badilisha nywila, usitumie iliyo kwenye boksi.

Kuhusu kijana. Mawimbi ya Wi-Fi ya 2.4 GHz hupenya ukuta wa tofali bila taabu, kwa hiyo kukaa kwenye ngazi si ushahidi wa lolote. Anaweza kuwa anatafuta upepo, au anatumia bando lake mwenyewe. Lakini kama vipimo vimeonyesha ni yeye, usilichukulie kama suala la GB tu. Laini iliyo kwenye ruta imesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA na alama zako za vidole. Mtu akitukana, akitapeli au akisambaza picha za watu kupitia laini hiyo, mlango wa kwanza kugongwa ni wako. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta wa mtu bila ruhusa, kwa hiyo una haki upande wako. Ningeanza hata hivyo kwa kubadilisha nywila na kunyamaza siku mbili. Akija kukuuliza mbona mtandao umekata, mwambie kwa upole, kama mama wa uani, kwamba umebadilisha kwa sababu bando linakuzidi. Kama ni mwanafunzi na una moyo, mpe mtandao wa wageni kwa makubaliano ya kuchangia. Mmeishi ua mmoja, mtaendelea kuishi.

Kuna mambo ambayo usiyafanye peke yako. Kama nywila ya msimamizi imeshabadilishwa na hukuibadilisha wewe wala fundi, utahitaji kuirudisha ruta kwenye hali ya kiwandani, kwa kubonyeza na pini ndani ya kile kitundu cha nyuma kwa sekunde kama kumi, ruta ikiwa imewashwa, mpaka taa zizime na kuwaka upya. Kwa ruta ya 4G kama yako kawaida haina madhara: inarudi na nywila ya kibandiko, unaanza upya kwa mpangilio niliokupa, palepale, bila kuahirisha. Lakini siku ukihamia kwenye intaneti ya faiba usikiguse kitundu hicho kabla hujapiga simu kwa kampuni, maana kinaweza kufuta mipangilio yao na ukabaki bila mtandao mpaka mtu wao aje.

Nenda ana kwa ana kwenye ofisi ya kampuni ya laini yako, na kitambulisho, kama baada ya haya yote ukurasa wao wa matumizi unaonyesha GB nyingi kuliko ruta inavyohesabu. Nenda benki siku hiyo hiyo, usingoje kesho, kama kuna muamala usioutambua au uliwahi kuandika namba ya siri kwenye ukurasa uliotoa onyo. Polisi ni hatua ya baada ya hapo, ukiwa na karatasi ya vipimo vyako na picha za skrini zenye tarehe. Na ukimwita fundi, kaa naye. Akifika mahali pa kuandika nywila, mwombe asogee uandike mwenyewe. Fundi mwaminifu hataona vibaya. Mimi huwa nageuka dirishani bila kuambiwa.

Wiki moja baada ya kubadilisha, angalia bando limebaki kiasi gani. Kama zimeondoka kama GB 23 au 25, umerudi ulipokuwa mwaka jana. Kama bado zinaondoka GB 8 kwa siku, niandikie tena, na safari hii niambatanishie ile orodha ya vifaa na namba mbili za usiku, ya kulala na ya kuamka.